Mwalimu Mkuu Aliyestaafu Akarudi Darasani: Maisha ya Edward Carey Francis

Kabla sijafika mbali, naomba niungame jambo moja. Siku mwalimu mkuu wetu wa zamani alipostaafu, mwishoni mwa mwaka jana, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi kwa nguvu zaidi, na hayakuwa makofi ya heri. Nilikuwa kidato cha pili. Muhula huohuo nilikuwa nimefukuzwa karo mara mbili, na mara ya pili ilikuwa asubuhi ya mtihani wa hesabu. Bas, aliposimama pale uwanjani akipokea zawadi yake, kiti kikubwa cha mbao chenye mito pamoja na blanketi, nilipiga makofi huku nikisema moyoni aende salama na asirudi.

Sikuwa peke yangu. Mtaa mzima ulikuwa na la kusema siku ile. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na lango la shule alilia machozi ya kweli, kwa sababu mwanawe alikubaliwa kufanya mtihani wa kidato cha nne ilhali deni lilikuwa bado halijalipwa. Mzazi mwingine, ambaye alikuwa amekaa nyuma yake, alinong'ona ati sasa labda tutajua pesa za basi zilienda wapi. Walimu vijana walipiga picha wakicheka. Bawabu ndiye aliyebeba kile kiti hadi kwenye gari, na yeye hakusema kitu. Wiki mbili baadaye, jina la yule mzee halikutajwa tena, kama kwamba hakuwahi kuwa kwetu miaka tisa.

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotuambia kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri ambaye amekwisha kufariki, wenzangu walikimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nilitaka mwalimu mkuu. Nilitaka kujua watu husema nini mwalimu mkuu mwenye jina kubwa kuliko wote anapoondoka, na yeye mwenyewe huenda wapi. Ndipo nikakutana na Edward Carey Francis. Nilipigwa na butwaa kugundua kwamba njia yake iliishia karibu na kwetu, kwa maana mimi ninakaa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi.

Carey Francis alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1897. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa kijana, akatumikia jeshi la nchi yake upande wa mizinga. Vita vilipokwisha aliingia chuo kikuu cha Cambridge kusomea hesabu, na katika hesabu hakuwa mtu wa kawaida. Mwaka wa 1922 chuo cha Peterhouse, ambacho ni sehemu ya Cambridge, kilimchukua awe mmoja wa wanazuoni wake, na akawa mhadhiri. Mimi hesabu zinanitoa jasho hata za kidato cha kwanza, kwa hivyo sijui nitumie mfano gani. Semeni tu alikuwa amefika mahali ambapo watu wengi huota kufika, na angeweza kukaa hapo mpaka uzeeni, akila vizuri na kuheshimiwa na wote.

Mwaka wa 1928 aliacha yote hayo. Alijiunga na wamishenari wa CMS, akaja Kenya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno, kule karibu na Kisumu, mahali mstari wa ikweta unapopita. Maseno ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1906. Yule ambaye jana alifundisha wasomi wa Cambridge, leo alikuwa anafundisha watoto kuzidisha na kugawanya. Hakuoa maisha yake yote. Alikaa Maseno miaka kumi na miwili, na jambo lililonifurahisha ni kwamba hakudharau hesabu ndogo. Aliandika vitabu vya hesabu vilivyoitwa Highway Arithmetic, ambavyo vilitumiwa katika shule za Waafrika miaka mingi. Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu aliniambia alivitumia akiwa mdogo, na uso wake ulibadilika alipovikumbuka. Sikujua kama alikuwa anatabasamu au anasikia uchungu.

Alipenda kandanda pia. Alitaka wavulana wacheze kwa bidii na kwa haki, asiyetii refa atoke. Kwa wavulana wa Maseno alikuwa kama baba mkali. Miongoni mwao alikuwa Oginga Odinga, ambaye baadaye alikuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Odinga alipoandika habari za maisha yake mwaka wa 1967 alimtaja Carey Francis, na msomaji anaona mara moja kwamba watu hawa wawili hawakuonana sawa katika mengi. Hili likumbukwe, kwa sababu tutalirudia.

Mwaka wa 1940 alihamishiwa shule ya Alliance, Kikuyu. Shule hii ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1926 na muungano wa madhehebu ya Kiprotestanti, na ndipo ilipopata jina lake. Carey Francis aliiongoza miaka 22. Jamani, miaka 22! Kuna mtu aliyezaliwa siku ile alipofika, akasoma shule ya msingi, akaingia Alliance, akamaliza, akamwacha bado yuko pale.

Maisha ya Alliance wakati wake si mchezo. Wavulana walivaa kaptura na mashati ya kaki, na walitembea bila viatu, hata yule ambaye baba yake angeweza kumnunulia jozi tatu. Asubuhi walisafisha mabweni na kukaguliwa. Walilima, walifyeka, walikimbia, walisali. Walifanya kazi ambazo msomi wa siku zile alidhani ameziacha nyumbani kwa mama. Kiboko kilikuwepo pia. Siku hizi sheria imekipiga marufuku tangu mwaka wa 2001, lakini wakati ule hakuna aliyeuliza. Kila mwaka shule iliigiza mchezo wa Shakespeare, wavulana wa kutoka Murang'a na Kilifi na Siaya wakiwa wafalme na malkia wa Uingereza. Nilipomsimulia rafiki yangu habari hii alicheka sana, akauliza kwani hakukuwa na hadithi za kwetu. Ni swali zuri, na hata wanafunzi wa Alliance wenyewe walikuja kuliuliza walipokuwa watu wazima.

Hata hivyo matunda yalionekana. Vijana walipita mitihani, wengi wakaenda Makerere, kule Uganda, chuo kikubwa cha Afrika Mashariki siku zile. Ukitazama orodha ya viongozi wa kwanza wa Kenya huru utadhani unasoma rejista ya darasa lake. Ronald Ngala wa Pwani alipita Alliance, na Julius Kiano vilevile. Ngala aliongoza chama cha KADU, Odinga alikuwa kigogo wa KANU, na vyama hivi vilikuwa paka na panya. Mwalimu wao alikuwa mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, nisije nikaonekana ninampaka mafuta marehemu. Carey Francis hakuwa shabiki wa siasa za Waafrika. Aliona haja ya kufundisha watu kwanza, uhuru uje polepole. Aliamini mtu akipata tabia njema na kazi, mengine yatajipanga. Wanafunzi wake waliishi katika nchi ambayo Mwafrika alitembea na kipande shingoni, ardhi yake imechukuliwa, na mwalimu wao anawahimiza wavumilie. Kwa maoni yangu hapo alikosea. Mtu hawezi kumfundisha mwenzake awe mtumishi hodari wa nchi, kisha amwambie nchi si yake bado.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, shule yake ilikuwa katikati ya moto. Kikuyu iko Kiambu, na wavulana wengi walitoka katika nyumba ambazo baba yuko kizuizini au kaka yuko msituni. Carey Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi, hakuficha. Lakini hakunyamaza pia askari wa serikali walipowatesa watu. Aliwaandikia wakubwa akilalamika. Walowezi hawakupenda, na wapigania uhuru hawakuwa na sababu ya kumshukuru. Alijikuta kama mwamuzi wa mpira anayezomewa na pande zote mbili.

Ngugi wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wake kuanzia mwaka wa 1955 hadi 1958. Alipomaliza muhula wa kwanza akarudi nyumbani likizoni, alikuta kijiji chao hakipo, kimebomolewa na watu wamehamishwa. Kaka yake alikuwa msituni. Likizo ilipokwisha alirudi shuleni, mahali ambapo kengele ililia kwa saa yake na mashuka yalikunjwa sawasawa, na akaendelea kusoma. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mwaka wa 2012, Ngugi alitoa kitabu kizima kuhusu siku zake za Alliance, na mwalimu wake mkuu amejaa humo. Si kitabu cha kumtukana, wala si cha kumsujudia. Ngugi mwenyewe amefariki mwaka wa 2025, mwanafunzi akiwa ameandika kwa Kikuyu na kwa Kiingereza mambo ambayo mwalimu wake asingeyakubali mengi.

Bas, mwaka wa 1962 ukafika. Kenya ilikuwa mbioni kupata uhuru, KANU na KADU zikiwa zimeingia pamoja katika serikali ya mseto, na Uingereza ikiwa imekwisha kufunga virago moyoni. Mwaka huohuo Carey Francis alistaafu Alliance. Alikuwa na miaka 65 hivi. Siku hizi mwalimu wa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60, na kabla ya mwaka wa 2009 ilikuwa 55, kwa hivyo mzee huyu alikuwa amekwisha kuipita mipaka yote. Laurence Campbell alishika usukani.

Watu walilichukuaje? Nimesoma yaliyoandikwa na waliopitia mikononi mwake, na nimeona mtaa wetu tena. Wapo waliohisi wameachwa yatima. Kwao Alliance na Carey Francis yalikuwa majina mawili ya kitu kimoja, na hawakuweza kuwaza lango lile bila yeye. Wapo waliopumua. Walisema zama zake zimepita, nchi inakuja mikononi mwa wenyewe, na baba anayewaambia watoto wazima wavue viatu anapaswa kupumzika. Mwanahistoria Benjamin Kipkorir, ambaye alisoma Alliance, aliandika habari zake kwa kumpima bila huruma na bila chuki, akionyesha jinsi mkoloni na mwalimu walivyokaa ndani ya mtu mmoja. Nilipomaliza kusoma mambo hayo nilimkumbuka yule mama wa mboga na yule mzazi wa pesa za basi. Wote wawili walikuwa wakimtazama mtu yuleyule.

Tofauti ninaiona katika aliyoyafanya baada ya hapo, na hapa ndipo naomba msome polepole.

Wazungu wengi wa umri wake walipostaafu walipanda meli kurudi kwao. Wengine waliuza mashamba wakahamia kusini mwa Afrika kabla bendera haijabadilishwa. Carey Francis alitoka Kikuyu akashuka hadi Pumwani, Nairobi. Akaomba kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani. Hakwenda kuwa mkuu wa shule; alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida, mwenye ratiba ya vipindi ukutani na madaftari ya kusahihisha, chini ya mwalimu mkuu mwingine.

Asiyeijua Pumwani nitamweleza. Ni mtaa wa Waafrika wa zamani sana hapa Nairobi, uliopangwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Misikiti iko karibu karibu, Kiswahili ndicho tunachoamkia na kulalia, na Gikomba iko palepale na mitumba yake. Chumba kimoja chaweza kulaza watu saba. Wanafunzi wa Alliance walichaguliwa kutoka pembe zote za nchi, cheche za kila wilaya. Wa Pumwani walikuwa vijana wa mjini, wengi Waislamu, waliorudi jioni katika nyumba zilizojaa kelele wakatafuta kona ya kufanyia kazi za ziada. Mimi kona hiyo naijua. Yangu iko kati ya kabati na mtungi wa maji, na taa huzimwa saa nne kwa sababu ya mtoto.

Nimejaribu sana kumwaza akiingia darasani siku ya kwanza. Wavulana wa Majengo si watu wa kutishika ovyo. Pengine walijua ni nani, pengine waliona mzungu mzee tu mwenye chaki. Kule Kikuyu akipita mtu hukaa wima. Huku angepita katikati ya mikokoteni na hakuna ambaye angegeuka. Na wale aliowafundisha zamani walikuwa wakipita barabarani katika magari ya serikali wakielekea bungeni, yeye akielekea kipindi cha hesabu. Sijui wangapi kati yetu tungekubali hivyo. Mwalimu mkuu wa kwetu akiambiwa leo arudi kuwa mwalimu wa kawaida katika shule ndogo, watu watasema ameshushwa cheo, labda amefanya kosa. Mzee huyu alijishusha mwenyewe na hakueleza mtu.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, bendera ikapanda, naye alikuwa angali Pumwani. Yale aliyodhani yangechukua miaka mingi yalitokea mbele ya macho yake, na hakufungasha akaondoka. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hotuba. Mtu aliyesema polepole, akaona watu wamekimbia, akabaki kufundisha watoto wa waliokimbia.

Alifariki Nairobi mwezi wa Julai mwaka wa 1966, akiwa bado mwalimu wa Pumwani, kabla hajatimiza miaka 69. Mwaka huo nchi ilikuwa imepasuka. Odinga alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais mwezi wa Aprili na kuunda chama cha KPU, uchaguzi mdogo ulikuwa umefanyika mwezi wa Juni, na marafiki wa jana hawakusalimiana. Msiba wa mwalimu uliwakusanya wanafunzi wake wa zamani, na viongozi wa nchi walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Wale waliolia mwaka wa 1962 na wale waliopumua, sidhani mtu angeweza kuwatenganisha kwa kuwaangalia siku ile. Alliance ina bweni lenye jina lake hadi leo.

Nilipomaliza kukusanya habari hizi ilikuwa Jumatano jioni. Yule mwalimu mkuu wetu aliyestaafu hakuhama Nairobi. Anakaa mitaa miwili kutoka kwetu, na jioni hukaa nje ya duka la kinyozi akisoma gazeti la jana. Tangu astaafu nilikuwa nimemwona mara nyingi, na kila mara nilivuka barabara nikajifanya naangalia simu ambayo sina. Siku hiyo nilienda moja kwa moja. Nikamwamkia. Aliniangalia juu ya miwani, akanitaja kwa majina yangu mawili, na nambari yangu ya usajili shuleni pia. Sikujua kwamba alizijua.

Aliniuliza ninaendeleaje na hesabu. Nikasema vibaya. Aliniambia nitoe daftari, nikalitoa kwenye mkoba, akapekua kurasa kimyakimya mpaka akafika kwenye milinganyo ambayo nilipata mbili kwa kumi. Akatoa kalamu mfukoni, akapiga mstari mahali niliposahau kubadilisha alama ya kutoa, akaenda swali la pili akapiga mstari mahali palepale, na la tatu. Kumbe lilikuwa kosa moja tu, nilikuwa nikilirudia kila mara tangu kidato cha kwanza. Kinyozi alizima mashine yake akaja kuchungulia.

Habari ya karo hakuitaja, na mimi sikuitaja. Aliuliza kama tangi la maji lililo nyuma ya maabara limezibwa. Nikamwambia bado linavuja. Akatikisa kichwa, akaandika maswali sita pembeni mwa ukurasa kwa mwandiko ule tuliokuwa tukiuona kwenye ubao wa matangazo, akasema nimpelekee Jumamosi asubuhi nyumbani, nisichelewe.

Jumamosi nilienda. Nilimkuta uani, amekalia kile kiti tulichompa, mito ameiondoa akaiweka juu ya ndoo ili mgeni apate mahali pa kukaa.